Kilo za Doris

"Huyu wangu mkimpigia mnada kwa kilo, usharika mzima hamna mwenye pesa ya kumnunua!"

Ernesta alisema hivyo mwaka 1991, nje ya kanisa, Same mjini, baada ya ibada ya mavuno, mbele ya mchungaji, wazee wa kanisa na majogoo saba waliofungwa miguu. Mnada wa sadaka unajulikana: mtu analeta mkungu wake wa ndizi bure, kisha anaununua tena mwenyewe kwa bei ambayo hatathubutu kumwambia mkewe. Siku hiyo mwinjilisti alikuwa amefikia boga. Akalinyanyua, akatania kwamba boga hili limenenepa kuliko watoto wote wa Same. Ernesta hakungoja amalize. Alimbeba binti yake Doris, miaka mitano, akamweka mezani kando ya boga, na boga likaonekana linaumwa. Watu walicheka mpaka mchungaji akavua miwani. Mmoja kule nyuma akataja shilingi mia tano, ndipo Ernesta akatoa majivuno yake.

Ukisikia hivyo utasema mwanamke ana mdomo. Anao, sikatai. Lakini mdomo ule ulikuwa na sababu.

Alizaliwa Chome, juu kabisa, karibu na msitu wa Shengena, ambako ukidondosha mbegu inabidi uruke pembeni isije ikakuotea mguuni. Mwaka 1982 akaolewa Kisiwani, chini, ambako ukidondosha mbegu unaiomba radhi kwa kuisumbua. Mumewe, Sylvester, alikuwa kibarua wa mkonge. Mwaka 1984 mvua ikakataa. Duka la kijiji likabaki na meneja na kaunta, watu wakapanga foleni tangu alfajiri kungoja unga wa yanga, ule wa njano wa msaada. Mtoto wao wa kwanza, Nicolaus, alikuwa na kadi ya kliniki yenye rangi tatu: kijani juu, kijivu katikati, nyekundu chini. Kila mwezi nesi aliweka nukta. Nukta zikashuka kama mtu anayeteremka kutoka Chome kwa miguu, bila kupumzika, na zilipofika kwenye nyekundu hazikuwekwa nyingine. Hakutimiza mwaka na nusu.

Doris alipozaliwa, mwaka 1986, Ernesta aliapa kwamba nukta za huyu zitapanda mpaka zitoke kwenye karatasi. Zikatoka. Nesi alilazimika kuweka nukta ya mwisho huko juu kabisa, kwenye nafasi ya kuandika jina la baba.

Ikaja ruksa, serikali ikaachia biashara. Vitu vikarudi madukani, sabuni, sukari, mafuta ya kopo. Iliyochelewa kurudi ni pesa tu. Ernesta akahamia Same, akapanga kibanda cha mabati kando ya standi, akaandika mlangoni kwa rangi ya buluu HOTELI, ingawa kulikuwa na mabenchi mawili na mbwa mmoja. Mabasi ya Dar na Arusha yalikuwa yanasimama pale, abiria wanashuka na njaa na vumbi. Alikuwa anajua kupika, hilo hata maadui zake walikubali kwa mdomo uliojaa. Na alikuwa na mwiko wake mmoja: chapati ya kwanza kutoka kikaangoni, ile inayokunywa mafuta yote, haiuzwi. Ni ya Doris.

Sylvester naye akaacha mkonge, akawa taniboi wa malori ya mbali. Alikwenda Zambia, alikwenda Rwanda, alirudi na redio, alirudi na vitenge. Mwaka 1992 akarudi na suruali iliyofungwa kwa kamba. Mwaka uliofuata tukamzika. Kaburini walisema malaria. Miaka ile Same nzima ilikuwa inakufa kwa malaria, hata waliolala ndani ya chandarua.

Baada ya matanga macho yote yakahamia kwa mjane. Watu hawakuuliza kitu. Walikuwa wanampima tu kiuno kwa macho anapoinama kuchochea moto. Abiria anayeingia hotelini anataka supu, hataki historia ya marehemu. Na Ernesta alikuwa na jibu moja, jibu lililokaa benchi la mbele kila mchana baada ya shule, linakula: Doris. Mwenye wasiwasi alimwangalia mtoto yule, mashavu yanayong'aa, mikono yenye vifundo kama mkate wa kusukwa, akaagiza chakula. Mtoto mnene hivi, nyumba ile ina ugonjwa gani? Hata makonda walisema hivyo kwa abiria. Kilo za Doris zilikuwa leseni ya biashara.

Mwaka 1997 Doris alikuwa na miaka kumi na mmoja na leseni ilikuwa imefika kilo sitini na nane. Shuleni walimwita Belo, kama belo la mitumba. Alikuwa na ulimi wa mama yake, kwa hiyo aliwajibu kwamba belo ndilo lenye nguo za wote, wao ni soksi moja moja. Lakini magoti yalikuwa yanamuuma, alikuwa anapumua kama mpanda mlima hata akiwa amekaa, na darasani analala mwalimu akiwa bado anaita mahudhurio. Ndipo mwezi wa sita Ernesta akamleta kwenye zahanati yetu.

Zahanati ilikuwa ya mtu binafsi, mojawapo ya zile zilizofunguliwa serikali ilipoacha kubana. Mganga alikuwa Clemence, mtu wa Msangeni, mkavu, anayeongea kana kwamba kila neno linalipiwa ushuru. Mimi nilikuwa msaidizi wa maabara, mwenye nusu ya stashahada. Nusu ya pili ilibaki chuoni pamoja na ada.

Clemence alifikiria baridi yabisi, akafikiria kifua kikuu, akaniagiza vipimo. Malaria hakuna. Makohozi safi. Koo safi. Kikabaki kipimo ambacho chuoni walikiita ESR, na mimi namweleza mama wa watu hivi: tunachukua damu, tunaizuia isigande, tunaivuta kwenye mrija mrefu wa kioo na kuusimamisha wima saa nzima. Chembe nyekundu zinazama taratibu. Mwilini kukiwa na moto wa chinichini zinashikana makundi na kuzama haraka. Kwa mtoto kama Doris zikishuka milimita kumi na kitu, sawa. Za Doris zilishuka arobaini na sita. Tukarudia wiki mbili baadaye: arobaini na nne.

"Ana kidonda mahali?" Ernesta aliuliza.

"Hana," Clemence akasema. "Nimemtafuta kidonda mpaka masikioni."

"Sasa moto wa nini?"

Clemence akaweka kalamu chini. Kwake hiyo ilikuwa hotuba. "Mama Doris, kuna mwenzangu niliyesoma naye, yuko ng'ambo anasomea mambo ya damu. Aliniandikia kwamba wanaanza kushuku mafuta. Sisi tulifundishwa mafuta ni gunia, limewekwa tu. Wao wanasema gunia lenyewe linafanya kazi, linatuma habari kwenye damu, na mwili unakaa kana kwamba una kidonda usiku na mchana. Sina uhakika. Nataka tujaribu. Apungue polepole, miezi minne au mitano, tupime tena. Mrija ndio utuambie."

"Apungue."

"Ndiyo."

"Doris, toka nje ukaangalie mbuzi."

"Hakuna mbuzi, mama."

"Basi kawatafute!"

Mtoto alipotoka Ernesta alisogeza kiti mpaka magoti yake yakagusa meza. "Daktari, baba yake unajua alikufaje."

"Najua ilivyoandikwa."

"Basi na mimi najua ilivyoandikwa. Pale nje ukutani kwako umebandika karatasi kubwa ya ugonjwa ule. Dalili ya kwanza imeandikwa nini?"

Sote tulijua. Kupungua uzito. Niliibandika mimi mwenyewe, kwa gundi ya ugali.

"Unataka nimkondeshe mtoto wangu mwenyewe," Ernesta akasema, "standi, mbele ya makonda?"

"Nataka apande ngazi za kanisa bila kushika ukuta."

Ernesta alisimama, akamtazama dirishani mtoto anavyotafuta mbuzi. Kisha akakubali. Nadhani yalikuwa magoti yaliyomshinda. Alisema usiku alikuwa anayakanda kwa maji ya moto na mtoto anauma shuka ili asilie kwa sauti.

Alikubali kama anavyofanya kila kitu, kwa ukali. Chapati ya kwanza akampa mbwa. Chai bila sukari. Makande bila mafuta. Asubuhi baiskeli ya kumpeleka shule ikafutwa, Doris akatembea. Wiki ya pili mtoto alikuja zahanati peke yake akaniuliza kama kuna sheria inayomlinda. Nikamwambia zipo, ila na zenyewe ziko foleni.

Mwezi wa tisa walirudi. Ilikuwa mchana, jua la Same unalijua, linakaanga hata kivuli. Doris aliingia amevaa sweta la shule, na ndani yake sweta jingine la mtumba, nene, la nchi zenye theluji.

"Doris, baridi ya wapi hii?" nikamuuliza.

"Mama amesema nisivue barabarani."

"Na wewe fundi wa damu," Ernesta akanidaka, "kazi yako mkono. Tumbo halikuhusu."

Tulimvua ndani. Kilo sitini na nne. Mrija ukasoma thelathini na moja. Clemence aliuangalia mara mbili, akauinua kwenye mwanga wa dirisha kama mtu anayekagua noti. Akampa Doris peremende, kisha akakumbuka, akamnyang'anya.

"Magoti?" akamuuliza.

"Yapo, ila hayanisemeshi sana," Doris akasema. "Jana nimeruka kamba mara kumi na tisa. Ya ishirini wamenikata makusudi, wanaona wivu."

Mama yake alitabasamu, akaanza kumvisha. Sweta la ndani, sweta la nje, akavuta, akajaza mabega, akasimama nyuma kuangalia kama fundi anayepiga plasta.

"Atachemka huyo," Clemence akasema.

"Kuchemka hakuonekani, daktari. Kukonda kunaonekana."

Na hapo ndipo alipokosea. Kosa lenyewe lilikuwa na akili nyingi ndani yake. Kila kilo mbili zilizotoka, sweta moja liliingia. Mtoto alikuwa anapungua ndani na kubaki vilevile nje. Benchi la mbele alikaa kama kawaida, mviringo, na sahani mbele yake. Ila sahani ilikuwa na mchicha uliofunikwa na chapati moja juu, kwa ajili ya watazamaji. Abiria walipita, walitazama, waliagiza. Ernesta aliniambia baadaye kwamba ile ilikuwa miezi pekee aliyopata kulala tangu Sylvester afe. Alidhani amepata mlango wa nyuma.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi Doris alikuwa amevaa masweta matatu. Asubuhi moja ya mstari shuleni, bendera inapanda, mvua imejikusanya na haitaki kunyesha, joto limekaa juu ya uwanja kama sufuria. Katikati ya wimbo Doris akaanguka. Mwalimu Hezroni alifanya ambacho mwalimu yeyote angefanya: alimlaza mkekani kivulini, akamvua sweta aanze kupata hewa. Chini yake kuna sweta. Akavua hilo. Chini yake kuna sweta. Watoto mia tatu wakasogea. La tatu lilikuwa limelowa kama limetolewa mtoni, na lilipotoka, kwenye mkeka akawa amelala msichana wa kawaida. Si mwembamba, ungemkuta njiani ungesema huyu mtoto kashiba. Lakini Same ilikuwa inamjua Belo, na Belo hakuwepo.

Doris alizinduka, akanywa maji ya chumvi na sukari, akarudi darasani. Afya yake haikupata neno. Habari ndiyo iliyopanda kutoka pale uwanjani. Mwalimu Hezroni alikwenda kueleza kwamba ni joto, akaapa mbele ya wazazi. Watu wakamsikiliza kwa heshima na kuondoka na neno moja, jasho. Amekonda, anatoka jasho, na mama yake anaficha. Karatasi yangu ya ukutani ilikuwa imeandika kukonda namba moja na jasho namba nne. Sijui nani aliyewafundisha Wapare kusoma vizuri hivyo.

Alhamisi ya wiki ile ile Ernesta alikaanga chapati sitini. Jioni zilibaki arobaini na tatu. Basi liliposimama, konda aliwageuza abiria kwa mkono, kama anaelekeza gari, kwenda ng'ambo ya barabara kwa Priska, ambaye chapati zake kila mtu anajua zinahitaji patasi. Wateja wa zamani walikuja kusalimia. Walisema wana haraka. Mmoja alikunywa chai, ila kwa kikombe chake mwenyewe alichokuja nacho mfukoni.

"Kikombe changu kina nini?" Ernesta akamuuliza.

"Hapana dada, mazoea tu."

"Mazoea ya tangu jana?"

Wiki ya pili ya mwezi wa kumi na moja walikuja kupima. Doris amevaa gauni jepesi tu, hakukuwa na cha kuficha tena. Kilo sitini. Nikasimamisha mrija, tukangoja ile saa moja. Ilikuwa saa ndefu. Ernesta hakukaa. Doris alikuwa anasoma karatasi ya ukutani kwa sauti, nikamwomba asome ya kuhara, ile ya jirani.

Kumi na saba.

Clemence alicheka. Sijawahi kumwona anacheka, na sauti ilikuwa kama mlango usiopakwa mafuta. "Arobaini na sita mpaka kumi na saba! Na hatukumpa hata kidonge! Mtoto mmoja si ushahidi, najua, ila tazama mwenyewe. Ule moto umezimika, Mama Doris. Kilo nane tu. Tukiendelea hivi..."

"Niandikie," Ernesta akasema.

"Nini?"

"Hiyo kumi na saba. Kwenye karatasi kubwa, na mhuri. Niibandike hotelini."

Clemence aliacha kucheka. "Nitaandika, lakini itasema damu yake imepoa. Haisemi kingine."

"Andika haumwi."

"Nikiandika haumwi, watu watauliza haumwi nini."

Ndipo Ernesta akakaa.

"Kuna kipimo kingine," Clemence akasema polepole. "Unakijua. Mkoani wanapima, mtoto na wewe pamoja. Mkiwa salama, nami nitasimama hotelini kwako niseme."

"Na tusipokuwa?"

Clemence akaichukua kalamu, akaifunika kifuniko.

"Tukiwa salama watasema nimenunua karatasi. Kwa nini alikwenda kupima kama hakuwa na wasiwasi? Tusipokuwa, utasema utafunga mdomo, lakini nani amewahi kupanda basi kwenda mkoani kutoka standi ile bila konda kujua anakwenda wapi na anarudi na uso gani?" Aliongea bila kupandisha sauti, kama anayehesabu mboga. "Mimi sina shamba, daktari. Chome ni ya kaka zangu. Kisiwani walishanifukuza. Nina kikaango. Wasipokula kwangu, huyu atakonda bila wewe kumshauri, na huo mrija wako sijui utasemaje."

Mimi nilikuwa nimeshika mrija wenyewe. Nikaenda kuuosha.

"Kilo ngapi zinatosha?" Ernesta akamuuliza Clemence.

"Zinatosha nini?"

"Wao waridhike."

"Mama Doris, hilo si swali la kitabibu."

"Najua. Ndiyo maana nauliza ya watu wa Same, siulizi ya mwenzako wa ng'ambo."

Doris alikuwa mlangoni. Hakuwa ametumwa mbuzi safari hii, au alitumwa akakataa. "Mama," akasema, "nimefika mara hamsini na mbili za kamba."

"Nimesikia, mwanangu. Vaa viatu."

Mvua za mwaka ule zikaja, zile zilizobomoa madaraja na kufunga barabara, mabasi yakalala Same siku mbili tatu, na wasafiri waliokwama hawakuwa na pa kuchagua. Ernesta hakukosa nafasi. Alilitoa benchi la mbele akaliweka chini ya mabati, mahali ambapo kila mtu anayekimbia mvua lazima apite, akamketisha Doris. Hapakuwa na mchicha chini ya chapati tena. Chapati ya kwanza ikarudi kwake, na ya pili, na mchuzi wenye mafuta yanayoelea kama sarafu. Doris alikula taratibu, macho mezani. Alikuwa hana njaa, mtu yeyote aliyewahi kumwona ana njaa angejua. Kila alipoweka kijiko chini, mama yake kule kwenye moto aligeuka.

Clemence alikwenda mara mbili kumsihi. Mara zote alihudumiwa chai, akarudi. Krismasi mtoto alikuwa kilo sitini na nne. Mwezi wa pili sitini na tisa. Hizo nazijua kwa sababu Doris mwenyewe alikuja kupanda mzani wetu, anapita kutoka shule, hakupimwa damu, hakukaa. Nilimuuliza magoti yanasemaje.

"Yanaongea," akasema. "Kaka, hivi ukimpa mtu damu yako akaiweka kwenye mrija, ile damu inajua kwamba mwenyewe anakula kwa sababu?"

Nikamwambia haijui.

"Basi ni jinga," akasema, akatoka kwa ngazi, mkono ukutani.

Makonda wamerudi kwa Ernesta. Priska amebaki na patasi yake. Nakula pale mchana, si kwa kupenda kutazama, ila kwa sababu hakuna mwingine anayepika hivyo, na nikipita bila kuingia atasema na mimi nimeanza mazoea. Doris huwa benchi la mbele. Nikiingia ananisogezea nafasi, tunakula, naye anamaliza kabla yangu na kuongezewa.

Supu na chapati mbili ni shilingi mia tatu.